Kutoka Hospitalini Si Kupona

Ipo siku moja ambayo sitaisahau maadamu ningali hai. Ilikuwa Agosti 2021. Nilikuwa nimeketishwa kitandani nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, upande wa Shinyalu. Mwanangu wa mwisho alikuwa ameokota kipande cha chaki katika mfuko wa koti langu la kazini, akaja kukitia katikati ya vidole vyangu. Kikateleza, kikaanguka sakafuni. Akakiokota na kukirudisha. Kikaanguka tena. Mara ya tatu mtoto aliniangalia usoni, akakitia mfukoni mwake, akatoka nje bila kusema neno. Mimi niliyekuwa nimeshika chaki kwa miaka 22 sikuweza kukihimili kipande kisichozidi urefu wa kidole.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Nayasimulia kwa sababu siku hiyohiyo palikuwa na karatasi mezani, yenye muhuri wa hospitali niliyotoka, iliyosema kwamba hali yangu ilikuwa nzuri na kwamba nilistahili kurudi nyumbani. Jina la hospitali hiyo silitaji, kwani waliokuwamo walinipigania usiku na mchana na nawashukuru hadi leo. Lakini karatasi ile ilikuwa na agizo moja tu: nipumzike, kisha nirudi baada ya mwezi mmoja. Hoja yangu leo imo katika agizo hilo. Nchini mwetu tumezoea kuamini kwamba mgonjwa akitoka hospitalini amepona. Naam, ametoka hospitalini. Kupona ni safari nyingine, na aghalabu hakuna anayemwonyesha njia.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Wasomaji wengi wanakumbuka jinsi Korona ilivyoingia nchini Machi 2020. Hata hivyo, kwetu magharibi, wimbi lililotutikisa zaidi lilikuja katikati ya 2021. Mnamo Juni mwaka huo serikali iliwekea kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na jirani zake masharti ya kipekee, Kakamega ikiwa miongoni mwazo, na kafyu ikawa ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Ni katika majuma hayo nilipougua. Nililazwa, nikawekewa hewa ya oksijeni, na baada ya siku 14 nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Majirani walikuja kunipongeza. Tulichinja kuku.

Siku kumi baadaye nyayo zangu zilianza kufa ganzi. Nilidhani ni uchovu wa kitandani. Kesho yake nilihisi kama ninakanyaga pamba, na keshokutwa magoti yalinilegea nikiwa mlangoni, nikaanguka chini kama gunia la mahindi. Udhaifu ule ulipanda kama maji yapandavyo kwenye mtungi: ulitoka miguuni, ukafika mapajani, kisha mikononi. Wako waliosema nimerogwa. Siwalaumu, maana mtu aliyekuwa akitembea Jumatatu na asiyeweza kusimama Ijumaa anawatatiza hata wasomi.

Madaktari walitoa maji ya uti wa mgongo, wakayapima, wakaniambia jina la maradhi hayo: Guillain-Barré. Jina hilo linatokana na madaktari wa Kifaransa ambao, pamoja na mwenzao Strohl, waliyaeleza mwaka wa 1916 baada ya kuwachunguza wanajeshi wawili waliopooza. Kwa maneno mepesi, mambo huwa hivi. Mtu huugua kwanza ugonjwa mwingine, uwe wa virusi au wa bakteria, kama vile mafua makali au kuhara. Kinga ya mwili huinuka kupigana. Baada ya siku kadhaa au majuma machache, kinga hiyo hupotoka na kuzishambulia neva za mwenyewe, hasa ule utando unaozifunika kama mpira ufunikavyo waya wa umeme. Utando ukichubuka, amri ya ubongo haifiki kwenye msuli. Msuli u mzima, ubongo u mzima, lakini njia kati yao imekatika. Wengine hudhoofika hadi misuli ya kupumua ikawashinda, wakahitaji mashine. Mimi Mungu aliniepusha na hilo.

Maradhi haya si ya kila siku, na si wote waliougua Korona walioyapata. Lakini yana ndugu wengi. Virusi vinaweza kuvimbisha ubongo wenyewe, kama surua inavyofanya kwa baadhi ya watoto. Mgonjwa mahututi aliyelala juma baada ya juma akisaidiwa na mashine anaweza kuamka akiwa na neva na misuli iliyosinyaa. Korona pia ilionekana kuzidisha hatari ya kiharusi kwa walioipata kwa ukali. Na kabla ya yote hayo palikuwa na polio, ambayo virusi vyake huingia katika uti wa mgongo na kuziua seli zinazoamrisha misuli. Sisi tuliosoma shule za msingi zamani tunawakumbuka wenzetu waliokuja darasani kwa magongo, au waliobebwa mgongoni na kaka zao. Chanzo cha kila ugonjwa ni tofauti. Swali linalobaki nyuma yake ni lilelile: je, mwili huu utarudije kazini?

Nirudi kwenye karatasi yangu. Iliniagiza nipumzike, nami nikatii kama mwanafunzi mwema. Mke wangu, kwa mapenzi yake, alinilisha, akanifunika, akanikataza hata kujigeuza. Kwa wiki tatu nililala chali, nyayo zimelala mbele kama za mtu anayeogelea. Hatukujua kwamba kano iliyo nyuma ya kisigino ilikuwa ikifupika kila siku. Neva zilipoanza kuamka kidogo, kifundo cha mguu kilikuwa kimekakamaa kiasi kwamba wayo haukuweza kukanyaga sakafu sawasawa. Maradhi yalikuwa yameanza kuniachilia, nayo mapumziko yakanishika.

Kosa hilo ni la kale. Zamani huko Australia na Marekani, watoto waliopatwa na polio walifungwa mbao na plasta miezi mingi wasitikisike. Muuguzi mmoja wa Queensland, Elizabeth Kenny, ambaye hakuwa na cheti rasmi cha uuguzi, alishika njia nyingine. Aliwafunika watoto vitambaa vya sufu vilivyochovywa katika maji moto ili misuli ilegee, kisha akaisogeza viungo vyao taratibu na kuwafunza upya kuitumia misuli yao. Madaktari wengi walimpinga. Mwaka wa 1940 alikwenda Marekani, na huko Minneapolis ikafunguliwa taasisi yenye jina lake mwaka wa 1942. Maelezo yake kuhusu chanzo cha ugonjwa hayakuwa sahihi yote, lakini jambo moja aliliona kwa macho yake: kiungo kilichofungwa hufa mara ya pili.

Aliyenifumbua macho mimi alikuwa binti mmoja, mtaalamu wa tibamaungo, tuliyeelekezwa kwake na jirani ambaye mamaye alikuwa amepatwa na kiharusi. Safari ya kwanza kwenda kumwona ilitugharimu. Pikipiki humtaka abiria ajishike, nami sikuweza kujishika. Ilibidi nibebwe na vijana wanne hadi barabarani, kisha tukodi gari zima. Yule binti aliponiona hakuanza na miguu. Aliniuliza:

"Mwalimu, wewe huwafunza watoto kusoma kwa somo moja?"

Nikamjibu, "La hasha, binti yangu. Kwa kurudiarudia kila siku."

Akasema, "Basi miguu yako imerudi darasa la kwanza. Usiionee haya."

Alinieleza hesabu ambayo tangu hapo nimewapa wanafunzi wangu waifanye. Utando wa neva ukichubuka tu, waweza kujirekebisha katika majuma au miezi. Lakini kiini cha neva chenyewe kikiharibika, hukua upya kwa kadiri ya milimita 1 hivi kwa siku. Kutoka uti wa mgongo hadi kidole cha mguu cha mtu mzima ni karibu mita 1. Tafuta mwenyewe ni siku ngapi. Utaona kwamba mgonjwa anaweza kungoja karibu miaka mitatu, na katika muda huo wote lazima viungo vitunzwe ili neva itakapofika ikute nyumba iliyo wazi. Mlango ukiwa umeshikana kwa kutu, mgeni aliyesafiri siku 1,000 atapita wapi?

Basi kazi ikaanza, na haikuhitaji mitambo ya ajabu. Tuliweka ubao miguuni pa kitanda ili nyayo zisimame wima. Nilikuwa nikigeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze vidonda. Asubuhi na jioni mke wangu alinisukuma nyayo kuelekea usoni, akahesabu hadi 30 na kurudia. Kisha nikafunzwa kujigeuza, kuketi ukingoni mwa kitanda, kusimama huku nimeshikiliwa. Vijana wa jirani walikata fito mbili za mkaratusi, wakazifunga juu ya nguzo fupi uani, na hapo katikati ndipo nilipojifunza kutembea kama mtoto. Siku ya kwanza nilipiga hatua mbili. Baada ya mwezi, hatua 40. Kwa mikono nilipewa kazi ya kuchambua maharagwe, kufunga vifungo vya shati, na kukamua kitambaa kilicholoa maji. Haba na haba, kama walivyonena wahenga, hujaza kibaba.

Lakini palikuwa na onyo ambalo nataka kila anayemuuguza jamaa alishike. Si kila juhudi ni dawa. Neva inayopona huchoka upesi, na mgonjwa anayelazimishwa hadi akatetemeka huamka kesho akiwa dhaifu kuliko jana. Yule binti alinifunza kusimama kabla ya kuchoka, si baada yake. Ndiyo maana mazoezi haya yanahitaji jicho la aliyesomea, hata kama mikono itakayoyafanya kila siku ni ya mke, ya ndugu au ya jirani.

Januari 2022 shule zilipofunguliwa, nilirudi darasani nikitumia mkongojo. Mwalimu mkuu alilihamishia darasa langu chini kutoka ghorofani, jambo lililochukua nusu saa tu. Wanafunzi waliniwekea kiti mbele, nami nikafunza nikiwa nimeketi. Niliandika neno la kwanza ubaoni kwa herufi zilizopinda kama za mtoto wa chekechea, na hakuna aliyecheka. Leo natembea, ingawa nyayo hunifa ganzi jioni na siwezi kukimbia. Watafiti wanasema kwamba wagonjwa wapatao wanne kati ya watano wa maradhi haya huweza kutembea bila msaada baada ya miezi sita. Mimi nilikuwa wa tano, yule anayechelewa. Nilifika kwa sababu nilionyeshwa njia, na nilionyeshwa kwa bahati. Je, wasiobahatika?

Hapo ndipo kaunti yetu na nchi yetu zinapopaswa kujiuliza. Kwa hesabu ya watu ya 2019, Kakamega ilikuwa na watu 1,867,579. Wengi wao wanaishi mbali na mji, Navakholo, Khwisero, Likuyani na kwingineko. Mtaalamu wa tibamaungo akipatikana tu katika hospitali kubwa, mtu asiyeweza kusimama ndiye anayetakiwa kusafiri mbali zaidi, tena mara mbili kwa juma, kwa miezi. Huo ni mpango uliogeuzwa kichwa chini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 2.4 ulimwenguni wana hali inayoweza kunufaika na huduma za kurejesha uwezo wa mwili, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya nusu ya wanaozihitaji hawazipati. Mnamo Mei 2023 Mkutano Mkuu wa shirika hilo ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma hizi katika mfumo wa afya wa kawaida. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Tuna hata sheria ya mwaka wa 2014 inayosimamia taaluma ya tibamaungo. Maneno tunayo.

Tena tunao mfano wa kutuonyesha kwamba tukitaka twaweza. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiwindana na polio. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 anapolegea kiungo ghafla, taarifa hupelekwa, vinyesi viwili huchukuliwa ndani ya siku 14 na kupelekwa katika maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, jijini Nairobi. Miongozo hutaka baadhi ya watoto hao wafuatwe tena baada ya siku 60 kutazamwa kama kupooza kumebaki. Kwa bidii kama hiyo, pamoja na chanjo, Afrika ilitangazwa Agosti 2020 kuwa imeondokana na polio ya virusi vya asili, ijapokuwa virusi vinavyotokana na aina fulani ya chanjo bado huzuka hapa na pale. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini tazama, msomaji: tunajua kumtafuta mtoto aliyepooza hadi kijiji cha mwisho ili tujue virusi vilivyomwangusha. Yule afisa akifika siku ya 60 na kukuta mguu umebaki umelegea, ataandika. Nauliza, je, baada ya kuandika, kuna mwingine anayefuata nyuma yake na kumwonyesha mama jinsi ya kuunyoosha mguu huo?

Wakosoaji watasema kwamba fedha hazitoshi, na kwamba ni heri kununua oksijeni na dawa za kuokoa maisha kwanza. Hoja hiyo ina uzito, nami nisiyekufa kwa sababu ya oksijeni sina haki ya kuidharau. Hata hivyo, ninayoyapendekeza si ya mabilioni. Kwanza, karatasi ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani isitolewe kabla jamaa zake hawajaonyeshwa, kwa vitendo na hapo kitandani, jinsi ya kumgeuza, kumnyoosha na kumketisha. Pili, wahudumu wa afya wa jamii, ambao serikali iliwapa vifaa na kuwatuma vijijini mwaka wa 2023, wafunzwe kutambua wayo unaoanza kukakamaa na kidonda kinachoanza mgongoni. Tatu, wataalamu wa tibamaungo waajiriwe katika hospitali za kaunti ndogo na wapewe siku za kuzuru nyumba. Mtu aliyeokolewa kwa gharama kubwa kisha akaachwa alemae kitandani kwa kukosa ubao wa miguuni ni hasara mara mbili, kwake na kwa nchi.

Kwenu walimu wenzangu, shule ndiyo hospitali ya pili. Mwanafunzi akirudi baada ya ugonjwa mkali akiwa anachechemea, anadondosha kalamu au anachoka kabla ya saa sita, msiseme ni mvivu. Msogezeni karibu na mlango. Hamisheni darasa liwe chini. Tengenezeni choo kimoja chenye mahali pa kuketi na fito za kushikilia, kazi ya fundi ya siku moja. Mwombeeni muda wa ziada katika mtihani mapema, si wiki ya mwisho.

Nanyi wanafunzi, nawaachia kisa kimoja. Mwaka wa 1952 polio ilipiga mji wa Copenhagen, Denmark, na wagonjwa wengi walishindwa kupumua, huku mashine zilizokuwapo zikiwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alipendekeza watobolewe koo na kupulizwa hewa kwa mfuko wa mpira uliobanwa kwa mkono. Ilibidi mfuko huo ubanwe mchana na usiku, kwa majuma. Ni nani angefanya kazi hiyo? Waliitwa wanafunzi wa vyuo, wapatao 1,500, wakapokezana zamu kando ya vitanda. Kabla ya hapo, zaidi ya wanane kati ya kila wagonjwa kumi wa aina hiyo walikuwa wakifa. Baadaye waliokufa walikuwa chini ya nusu. Hawakuwa madaktari bado. Walikuwa na mikono, na subira.

Darasani kwangu yuko kijana mmoja aliyekuwa miongoni mwa wale wanne walionibeba hadi barabarani. Juzi alikuja kuniuliza ni masomo gani yanayotakiwa kwa anayetaka kusomea tibamaungo. Nilichukua chaki, nikasimama, nikamwandikia ubaoni: baiolojia, kemia, fizikia, hisabati, Kiingereza au Kiswahili. Kisha nikamwambia aongeze moja lisilotahiniwa, nalo ni kumrudia mgonjwa kesho yake, na kesho kutwa, hata pale ambapo hatua alizopiga jana zilikuwa mbili tu.